Tambi za mchele wa kahawia au spageti ya ngano: ninunue zipi?

Nyar_Ahero
Habari za jioni, wenzangu. Kuna duka hapa Kisumu mjini linauza tambi za mchele wa kahawia, pakiti ya gramu 400 kwa shilingi 450. Nikichukua katoni ya pakiti 12, kila pakiti inashuka hadi 380. Spageti ya kawaida ya ngano naipata kwa 150. Muuzaji ameniwekea katoni mpaka Ijumaa. Kwa lishe, hizi za kahawia zinashinda kweli? Nishaurini kabla sijatoa pesa.

Baba_Wawili_Nakuru
Dada, hujatuambia mlaji ni nani. Ni watoto? Kuna mtu anayedhurika na ngano? Kuna mwenye sukari au presha? Na nyuma ya pakiti pameandikwa nini? Tambi hizohizo zitamfaa mmoja na zimponze mwingine.

Mama_Pendo
Mimi nasema chukua. Ngano ilikuwa inanijaza gesi, nikila chapati mbili tu nalegeza mshipi. Tangu nihamie tambi za mchele nimepata nafuu. Nazipika na kuku wa kienyeji, dania na ndimu, na sufuria inarudi tupu.

Jikoni_Kakamega
Katoni hiyo ni shilingi 4,560! Jamani, wimbi upo sokoni Kibuye. Gramu 100 za wimbi zina zaidi ya miligramu 300 za kalisi, na mchele wa kahawia haufiki hata 40. Wimbi hauna gluteni pia, ile protini ya ngano inayowadhuru wengine. Tunaruka chakula cha nyanya zetu tunakimbilia pakiti iliyovuka bahari.

Nyar_Ahero
Ni za nyumbani tu. Pakiti inasema, kwa gramu 100 kavu: kalori 355, wanga 77, protini 7, nyuzinyuzi 3. Viungo ni unga wa mchele wa kahawia na maji.

Muuguzi_Mstaafu
Asante, sasa tuna pa kuanzia. Viungo ni safi. Nyingine huchanganywa na wanga wa muhogo, na hapo ule ukahawia unabaki jina tu. Ukizilinganisha na tambi nyeupe za mchele, hizi ni bora, kwa sababu zile nyeupe zina protini kama 6 na nyuzinyuzi hazifiki 2. Pumba na kiini havijatupwa, kwa hiyo magnesi na vitamini za kundi B zimebaki kwa wingi zaidi.

Lakini wewe umeuliza kuhusu spageti ya ngano. Hiyo ya 150 ina protini kama 13 na nyuzinyuzi kama 3. Yaani nyuzinyuzi zinakaribiana, na protini ngano inazidi karibu mara mbili. Anayelazimika kuacha ngano kwa sababu ya gluteni, za mchele ni mkombozi wake. Asiye na tatizo hilo, sioni analipia nini.

Fundi_wa_Kondele
Naomba nisikilizwe kwa hili kwa sababu limenipata. Mimi nina sukari, mwaka wa sita huu. Mwaka jana rafiki yangu wa karibu aliniambia chochote cha kahawia mgonjwa wa sukari anakula bila hofu. Nikanunua pakiti mbili za tambi hizi. Jioni hiyo nilijipima kabla ya kula, nikapata 7.4. Mke wangu alizipika zikalainika kupita kiasi, zikashikana kama uji mzito, akaongeza karoti na mafuta kidogo. Zilikuwa tamu. Nikala sahani moja, nikaongeza ya pili, maana moyoni nilijua hiki ni chakula cha afya. Hakukuwa na maharagwe wala samaki mezani, tambi tu.

Baada ya saa mbili koo likakauka. Nikachoma kidole: 16.1. Nikadhani kipande cha kupimia kimeharibika, nikafungua kingine, kikasema 15.9. Usiku ule niliamka kwenda haja ndogo mara nne na mke wangu hakulala, alikaa kitandani akiniuliza kama naona vizuri. Kliniki walinieleza kwa upole kwamba wanga ni wanga, na kwamba nafaka ikishasagwa unga haikai tumboni kama punje nzima. Tangu hapo nikisikia "kahawia" nauliza kwanza: sahani ngapi, na pamoja na nini?

Mama_Pendo
Pole sana, baba. Lakini hapo kosa ni sahani mbili na kupikwa kupita kiasi. Mimi nazitoa jikoni zikiwa bado na kiini kigumu kidogo, nazisuuza kwa maji baridi.

Muuguzi_Mstaafu
Kupika kunachangia, ni kweli. Ila spageti ya ngano ngumu ina jambo lake: gluteni huushika wanga kama wavu, sukari ikatoka polepole. Za mchele hazina wavu huo. Nyar_Ahero, unaulizwa kwa mara ya pili, nani anakula?

Nyar_Ahero
Samahanini, ningesema tangu mwanzo. Ni za mzee wangu. Ana sukari tangu 2019, anameza vidonge, hachomi insulini. Alifanya kazi Nairobi miaka mingi, na spageti ndiyo chakula anachokiomba mwenyewe. Ugali wa wimbi anausukuma pembeni. Nilitaka asinyimwe kila kitu.

Fundi_wa_Kondele
Basi usimnyime. Konzi moja ya tambi kwenye sahani, osuga (mnavu) au majani ya kunde yajaze nusu, na omena au ndengu kando. Umpime kabla na baada ya saa mbili, uandike kwenye daftari aende nalo kliniki.

Jikoni_Kakamega
Na kama mnataka mchele wa kahawia, kwa nini usile punje zenyewe? Ahero hapo wanalima tangu 1969! Katoni ya nini?

Baba_Wawili_Nakuru
Mchele wa Ahero ni mzuri kwa bei, lakini kwa harufu na ladha hakuna kama pishori ya Mwea.

Nyar_Ahero
Hapo nakataa kabisa. Mimi nimekulia kando ya mifereji ile. Mpunga mpya ukikobolewa leo na kupikwa leo, jirani anajua.

Baba_Wawili_Nakuru
Jirani anajua, sawa, ila punje zinashikana.

Jikoni_Kakamega
Kushikana ni maji mengi tu. Shida ya Ahero ni mashine: ukiomba waondoe ganda la nje waache pumba, wengi wanakwambia mashine haijui hivyo.

Mama_Pendo
Na ule wa kahawia hauwekwi ghalani muda mrefu, mafuta ya pumba yanachacha. Wangu ulitoa harufu ya rangi ya ukuta. Sasa nanunua kilo mbili tu.

Nyar_Ahero
Nimempigia muuzaji, nitachukua pakiti moja kwanza. Anasema bei ya katoni hataishikilia. Kuna anayejua mwenye mashine huko Ahero anayekubali kuacha pumba?

Fundi_wa_Kondele
Hata mimi namtafuta.