Naomba ushauri: toki konveta ya stoli ngapi kwa gari la mtaani na mashindano?

Wakuu, naombeni mawazo. Toki konveta ni kiungo cha mafuta kati ya injini na giaboksi ya otomatiki, na stoli yake ni mizunguko ya injini kwa dakika inayofikiwa kabla konveta haijashika sawasawa. Injini ni Chevrolet V8 ya inchi za ujazo 350, kemshafti yake inaanza kuvuta vizuri kuanzia mizunguko 2,500 kwa dakika hadi 6,000. Giaboksi ni TH350 (otomatiki ya gia tatu), uwiano wa difu 3.73, tairi za nyuma kipenyo inchi 28, uzito kama kilo 1,600.

Nasita kati ya stoli ya 2,600 na 3,200. Kwa difu na tairi hizo, kilomita 100 kwa saa ni takriban mizunguko 2,780, na TH350 haina kifunga konveta (lock-up) cha kuzuia isiteleze. Hofu yangu ni safari ndefu: konveta iliyolegea (ya stoli ya juu) ikiteleza muda wote, mafuta ya giaboksi yanachemka, na yakipita nyuzi 120 yanaharibika haraka. Rejeta ya pembeni ya mafuta nitafunga kwa vyovyote. Ila ya 2,600 nayo, gari likiondoka injini inakuwa ndiyo kwanza inagusa nguvu zake.

Tafadhali msinipe namba ya stoli inayopimwa kwa kukanyaga breki na mafuta pamoja gari likiwa limesimama. Tairi za nyuma huzishinda breki na kuzunguka kabla stoli haijafika. Nataka namba ya kukanyaga mafuta ghafla hadi mwisho.

Waliotumia konveta ya kipenyo cha inchi 10 badala ya 12, je, ikitembea taratibu mtaani inashika vizuri, au injini inalia tu na gari linajivuta?