Rimoti ya zamani ya Futaba: niibadili moduli au ninunue mpya?

Mwana_Pangani
Wakuu habari za jioni. Nina rimoti ya zamani ya Futaba, ya kuendeshea vyombo vya mfano, nimeachiwa na mjomba alipohama. Kwa nje nzima kabisa, vijiti vinateleza vizuri kuliko za siku hizi. Nataka niitoe kwenye antena ile ndefu ya kuvuta, iingie gigahezi 2.4. Nimeona moduli za kurushia mawimbi: kuna ya nne-kwa-moja, kuna ExpressLRS, kuna zile za FrSky za kulehemu ndani. Kuna jamaa ananiambia achana nayo, nunua rimoti mpya, Radiomaster Pocket. Wiki hii kuna mtu anakuja kutoka Dubai, nataka nimtume. Ipi nzuri?

FundiPasi
Futaba ipi mkuu? Futaba ni ukoo, si jina la rimoti. Ina moduli ya kuchomoka mgongoni au haina? Betri ina seli ngapi? Kristali, kile kidude cha kupanga masafa, imeandikwa masafa gani? Risiva, ya kupokea kwenye chombo, unayo tayari au nayo unanunua? Bila hayo tutakuwa tunapiga ramli.

ELRS_Leicester
Usipoteze muda wa watu, chukua ExpressLRS. Programu yake ni ya wazi, haina mwenyewe wa kukubana, risiva ni bei poa na inafika mbali kuliko macho yako. Hizo nyingine zote ni historia.

FundiPasi
@ELRS_Leicester ndugu yangu, kila uzi unakuja na wimbo huohuo. Rimoti ya zamani inatoa PPM: waya mmoja, chaneli zote zimepangwa foleni, na foleni nzima inarudiwa kila baada ya milisekunde 22 hivi. Moduli ya ELRS, yaani hiyo ExpressLRS, haisomi PPM, inataka CRSF, lugha nyingine ya kidijitali. Kwa hiyo unamwambia mtu anunue moduli, halafu atafute na Arduino Nano, kile kibao kidogo cha kuprogramu, ya kutafsiri katikati, halafu aingize programu mwenyewe. Hilo hukulisema.

ELRS_Leicester
Nano ni bei ya soda mbili. Na ukishafika hapo hata PPM huihitaji, unasoma vijiti moja kwa moja kutoka kwenye potenshometa zake. Ubao wa zamani unautoa wote unautupa.

FundiPasi
Kwa hiyo Futaba itakuwa imebaki ganda. Sawa.

Mwana_Pangani
Samahani wakuu nilikuwa kazini. Nyuma imeandikwa Skysport 4. Moduli ya kuchomoka haina. Kuna tundu la duara la pini 6. Kristali ni megahezi 72. Betri imeandikwa volti 9.6. Risiva ya zamani sina.

FundiPasi
Hapo sasa tunaongea. 72 ni mtumba wa Marekani, ndiyo masafa yao ya ndege. Volti 9.6 ni seli nane za nikadi (nikeli-kadimiamu), zikitoka chaji mpyampya zinapita 11, kwa hiyo kabla ya kuunga moduli yoyote soma kiwango chake. Mimi ningeenda na nne-kwa-moja. PPM unaichukua kwenye lile tundu la duara, pini uzitafute kwa mita, usiamini picha za mtandaoni maana Futaba wamebadilisha mipangilio mara nyingi. Kristali unaichomoa ili sehemu ya zamani isirushe kitu. Hukati hata waya mmoja, ukichoka unarudisha ilivyokuwa.

Ila angalia kitu kimoja: nunua yenye swichi ndogo ya kuzungusha yenye nafasi 16. Ndiyo inayochagua lugha ya risiva ukiwa kwenye PPM. Ikikaa kwenye 0 moduli inasubiri data ya seria na wewe utadhani imekufa. Nyingine zinauzwa bila swichi hiyo, hizo ni za rimoti mpya tu.

Bi_Mkubwa_Volti
Na faida ya nne-kwa-moja ni kwamba ndani kuna chipu nne kweli: A7105 ya kina FlySky, CC2500 ya FrSky, CYRF6936 ya Spektrum, na NRF24L01 ya vindege vya watoto. Risiva yoyote utakayoiokota sokoni, kuna uwezekano mkubwa ikashika. Wanangu wana droni za dukani, zote naziendesha kwa rimoti moja. Ile FrSky ya kulehemu iache, inaongea D8, lugha ya zamani ya FrSky, na risiva zake mpya zimekuwa adimu.

Kipanga_Ngong
Kabla hujaagiza chochote mdau, fungua kifuniko cha betri. Nina kisa.

Niliuziwa Futaba iliyokwisha badilishwa, kazi safi, antena fupi imesimama juu, muuzaji akaniapia. Nikaijaribu nyumbani, sawa. Nikaenda nayo vilima vya Ngong na glaida ya mbao, ile ya kupanda kwa upepo wa mlimani. Dakika za kwanza raha tupu. Halafu ghafla ndege haisikii, kama sekunde mbili hivi, inarudi. Nikadhani ni mwili wangu umekaa mbele ya antena. Nikageuka. Ikakatika tena, na sasa ikakaa kimya muda mrefu zaidi, glaida ikaenda nyuma ya kilima upande wa miba. Tuliitafuta mpaka giza. Bawa moja tulilikuta, la pili mbuzi wanajua liliko.

Nyumbani nikafungua. Betri ya zamani ilishavuja siku nyingi, muuzaji kaweka mpya juu ya uozo uleule. Ule waya mweusi, wa hasi, ulikuwa umeliwa kwa ndani. Ganda lake la plastiki zuri kabisa, ukilimenya shaba ni nyeusi tii, unaweka risasi haishiki hata ukipaka fluksi. Unajua uozo wa nikadi hutambaa ndani ya waya, unaweza kufika hadi kwenye swichi na kwenye ubao. Ubao wa zamani ulivumilia kwa sababu unakula umeme taratibu, bila kuruka. Moduli mpya inavuta kwa vipindi, kila ikivuta volti inaanguka, moduli inazima na kuwaka upya. Kwenye mita ya rimoti sindano haikuonyesha lolote.

Kwa hiyo: menya waya mweusi. Ukiwa mweusi ndani, badilisha wote mpaka kwenye swichi.

ELRS_Leicester
Pole sana. Ila hapo tatizo halikuwa PPM wala ELRS, ni muuzaji.

Kipanga_Ngong
Sijasema ni ELRS. Mbona unajihami?

Bi_Mkubwa_Volti
😂😂 Badala ya nikadi weka betri ya lithiamu aina ya LiFePO4 ya seli tatu, ni volti 9.9, sindano ya rimoti itaielewa bila kudanganya sana. Lipo, ile lithiamu ya kawaida ya droni, ya seli mbili itakuonyesha imekwisha wakati imejaa. Na chaja ya zamani usiiunge tena kwenye betri hiyo, ni ya nikadi.

Mwana_Pangani
Nimefungua. Waya mweusi una kijani kidogo kwenye plagi. Nitaubadilisha. Asanteni. Halafu wakuu mnaongelea ndege, mimi siendeshi ndege. Ni jahazi. Nimelichonga mwenyewe kwa mwembe, urefu kama mita moja na robo, nataka kuliendesha pale mtoni Pangani.

FundiPasi
Mkuuu. Hilo ndilo lilikuwa la kuanza nalo.

ELRS_Leicester
Basi hata hiyo 72 kwa Wamarekani ilikuwa haramu kwa mashua, mashua na magari wao walipewa 75. Sasa kwa jahazi chaneli mbili zinatosha: usukani na demani, kamba ya kuvutia tanga. Nafuta maneno yangu, nne-kwa-moja na risiva ya FS-iA6B. Au hata hiyo Pocket, mambo kwisha.

Bi_Mkubwa_Volti
Ila 2.4 haipiti kwenye maji kabisa. Wenye nyambizi mpaka leo wanang'ang'ania masafa ya chini ndiyo sababu. Antena ya risiva ipandishe, iwe juu ya usawa wa maji kadiri unavyoweza, ikiwezekana ipande na mlingoti. Chombo kikikaa chini halafu antena iko ngamani, utakipoteza mapema kuliko unavyofikiri.

Nahodha_Kipumbwi
Mimi rimoti sijui, nimeingia kwa sababu ya jahazi. Swali langu: foromali, ule mti unaobeba tanga, utaivusha vipi? Jahazi halibishi kama mashua ya Kizungu. Ukitaka kubadili upande unalipeleka na upepo, foromali inasimamishwa, inazungushwa mbele ya mlingoti, na demani inahamia upande wa pili. Hiyo kazi ni ya watu wanne wenye nguvu. Chaneli mbili zitafanya nini?

FundiPasi
Si unaiacha tu upande mmoja? Tanga litalala juu ya mlingoti upande mbaya, lakini linaenda.

Nahodha_Kipumbwi
Linaenda kama mgonjwa. Na watu wa Pangani wakiliona hilo tanga limebandikwa kwenye mlingoti watamcheka kijana wa watu.

Kipanga_Ngong
Skysport ina chaneli 4. Moja usukani, moja demani ya kulia, moja demani ya kushoto, ya nne kamba ya mguu wa foromali. Tumia servo ya kapi, kile kimota cha kuvuta kamba kinachozunguka mara kadhaa.

Nahodha_Kipumbwi
Demani mbili sawa, moja inalegea nyingine inavuta. Lakini foromali ikipita mbele itanasa kwenye kamba ya mlingoti ya upande wa upepo, hiyo nayo lazima ihamishwe. Nani anaihamisha?

Mwana_Pangani
Kamba za mlingoti sikuweka, mlingoti nimeuzamisha hadi kwenye mkuku. Mzee, foromali nimeifanya vipande viwili vimefungwa pamoja kama ya kweli, ina uzito kidogo. Servo ya kilo ngapi itaibeba?

ELRS_Leicester
Ina uzito gani, na hiyo kamba inapita kwenye kapi ya kipenyo gani?

Nahodha_Kipumbwi
Weka picha kwanza.