Mkole umejaa majani, maua hakuna. Niongeze mbolea gani?

Kivuli_Haba: Wakuu, naomba ushauri. Nina mikole minne (vichaka vya jamii ya Grewia) ya miaka miwili, niliipanda kwa ajili ya nyuki na ndege. Naimwagilia kila baada ya siku mbili, na kila msimu kila mmoja unapata ndoo ya samadi. Matawi ni marefu, laini, hayana hata ua moja. Mmoja majani ya chini yanageuka njano na udongo una unyevu.

Fundi_Kitalu: Usiongeze kitu. Samadi hiyo ina naitrojeni nyingi, ndiyo inayokuletea majani. Huo wa njano, mizizi inakosa hewa. Fukua kando ya shina hadi sm 15. Ukikuta mizizi ya kahawia, inanuka na ganda lake linachunika ukiivuta, imeanza kuoza. Simamisha maji mpaka udongo ukauke kina hicho, na kama maji yanatuama, yachimbie mfereji. Mizima ipe lita 20 kwa mkupuo mmoja kila wiki tatu wakati wa kiangazi. Kumwaga kidogo kidogo kila mara kunaizoesha mizizi kukaa juu juu.

Panga_Butu: Unapogoa lini?

Kivuli_Haba: Mvua zikishaanza.

Panga_Butu: Basi maua unayakata mwenyewe. Mkole huchanua kwenye machipukizi mapya. Pogoa mwishoni mwa kiangazi, kabla haujachipua: toa theluthi ya matawi makongwe karibu na ardhi, usiunyoe juu kama michongoma.

Kivuli_Haba: Shukrani. Nikitaka kuotesha mingine?

Fundi_Kitalu: Chuma matunda yaliyoiva, sugua nyama yote kwa mchanga, osha. Nyama ikibaki huota ukungu. Loweka kokwa saa 24, zinazoelea tupa, nyingine fukia sm 1 kwenye viriba, yaani mifuko ya kuoteshea miche. Kokwa ni gumu, kwa hiyo huota kwa mafungu. Usitupe kwa pupa viriba ambavyo havijaota. Hamishia shambani kabla mzizi mkuu haujajikunja chini ya kiriba. Uliojikunja haushuki kufuata unyevu, na utabaki mtumwa wa ndoo yako.

Shore_Mweusi: Niongeze mambo mawili. Matandazo yakae mbali na shina, kiganja kizima, la sivyo unawaalika mchwa. Na ukishaona maua ya manjano, dawa ya wadudu weka kabatini, hata ya kupulizia mboga za jirani yake. Matunda yaache mtini, ndege aina ya shore wanajua pa kuyapeleka. Mbuzi ndio wa kuzungushia miiba: machipukizi ya mkole hawayaachi.