Persephone alikula punje ngapi za komamanga? Na kisasili chake kisomweje?

MsomiWaJioni

Wakuu, habari za leo. Naandaa kazi ya kama kurasa kumi na tano juu ya kisasili cha Wagiriki wa kale kuhusu Demeter, mungu wa kike wa nafaka, na binti yake Persephone, yule aliyechukuliwa na Hades, mfalme wa wafu, akapelekwa kuzimu. Nimekwama mahali pawili. Idadi ya punje za komamanga alizokula hubadilika kila ninapofungua ukurasa mpya: moja, tatu, sita, saba. Muda wa kukaa kuzimu nao mara theluthi ya mwaka, mara nusu. Ipi ndiyo sahihi? La pili, kila muhtasari unasema kisasili hiki kinaeleza chanzo cha majira ya mwaka, basi, hapo hapo unafunga. Naamini kuna zaidi ya hapo ila sijui pa kushika. Kigiriki sisomi.

Shayiri

Ndugu, hakuna "sahihi" moja, na ukiitafuta utapoteza wiki nzima. Kila idadi ina mwenyewe. Utenzi wa Kigiriki wa Demeter, wa karne ya 7 au ya 6 KK, una punje moja na theluthi ya mwaka. Mkusanyo wa visasili unaopewa jina la Apollodorus unafuata vivyo hivyo. Ovid, mshairi wa Kirumi aliyeandika miaka mia kadhaa baadaye, ana punje saba katika kitabu cha 5 cha Metamorphoses, halafu yeye huyo huyo anaweka tatu katika kitabu cha 4 cha Fasti, na kote mwaka unagawanywa nusu kwa nusu. Punje sita kwa miezi sita ni hesabu ya wasimulizi wa baadaye waliotaka namba zilingane. Ukiiona, jua muhtasari huo haukutoka kwenye matini yoyote kati ya hizo nne.

Nimeuita utenzi kwa makusudi. Ni shairi refu la kusimulia, mistari 495, linaloanza kwa kumtaja mungu wa kike anayeimbwa na kufunga kwa kumwomba baraka. Msomaji aliyezoea tenzi zetu ataona mara moja kwamba dua ya mwanzo na ya mwisho si mapambo. Inaonyesha matini hii iliimbwa mbele ya watu, kwa heshima ya mungu waliyemwabudu.

Fanya hivi. Usome wote kwa mkao mmoja, hauzidi saa moja. Kisha ugawe: mstari wa 1 hadi 90 ni kuchukuliwa kwa binti na mama kutafuta, hadi 304 ni Demeter kujifanya mwanamke mzee huko Eleusis, mji wa karibu na Athens uliokuwa na hekalu lake, hadi 389 ni njaa anayoileta Demeter na majadiliano ya miungu, kuanzia hapo ni kukutana tena na kuwekwa kwa ibada. Chora jedwali la safu tatu, utenzi, Ovid na Apollodorus, na chini ya kila moja andika mahali, nani alijua, nani aliridhia, kililiwa nini. Ovid atakupa Sicily, karibu na Enna. Utenzi unataja uwanda wa Nysa, kisha unakaa sana Eleusis. Tofauti hiyo ya mahali ndiyo mlango wa maana, kwa sababu kila mji ulisimulia kwa faida ya hekalu lake.

Bi_Kisimani

Naongeza kwenye punje, kwa sababu watu huhesabu bila kusoma. Angalia mstari wa 371 hadi 374: msimulizi anasema Hades alimpa binti punje tamu kwa siri, huku akitazama huku na huku. Sasa ruka hadi 411 hadi 413, binti anapomsimulia mama yake. Siri bado ipo, lakini ameongeza kitu: anasema alilazimishwa kwa nguvu, bila kutaka. Ni tukio lile lile, kwa vinywa viwili, mistari arobaini tu katikati. Je, msimulizi aliacha kitu, au binti anajitetea mbele ya mama? Kurasa tatu za kazi yako ziko hapo, na huhitaji Kigiriki kuziona.

Tena tazama mwanzo kabisa. Mstari wa 3 unasema Zeus, mfalme wa miungu na baba wa Persephone, ndiye aliyemtoa. Yaani baba ameridhia, mama hajaambiwa, binti hajaulizwa. Msomaji wa pwani atamtambua walii, yule anayemwozesha binti, hapo bila kufundishwa. Utenzi unaanza kama ndoa upande wa baba na kama wizi upande wa mama, na haumalizi ugomvi huo kwa kumpa mmoja haki yote. Ndiyo maana mimi naona majira ya mwaka yanafuata ndoa na kifo, hayatangulii.

Upate na ushahidi nje ya matini. Mwaka 1972, Merenda katika Attica, jimbo la Athens, ilifukuliwa sanamu ya marumaru ya msichana Phrasikleia, ya katikati ya karne ya 6 KK. Maandishi ya kaburini yanasema ataitwa *kore*, yaani mwanamwali, daima, kwa kuwa miungu walimpa jina hilo badala ya ndoa. Kore ndilo jina la pili la Persephone. Huko Locri, kusini mwa Italia, vimepatikana vibao vya udongo wa kuchoma vya karne ya 5 KK vinavyoonyesha msichana akichukuliwa kwenye gari la farasi, na vingine Persephone ameketi na Hades kama bibi wa nyumba. Wizi na kiti cha enzi vyatoka hekalu moja.

Mkulima_wa_Matini

Hapa pa majira pana mtego. Kusini mwa Ugiriki ngano na shayiri hupandwa mvua za Oktoba na Novemba zikianza, humea wakati wa baridi, huvunwa Mei au Juni. Kwa hiyo wakati wa baridi mashamba ni mabichi, na kinachoyakausha ni kiangazi. Kwa sababu hiyo Martin Nilsson, mwanazuoni wa Uswidi, alisema Persephone kuzimu ni mbegu iliyowekwa kwenye ghala za chini ya ardhi wakati wa kiangazi. Hoja tamu, lakini utenzi wenyewe unaikataa: binti anarudi ardhi inapochanua maua ya machipuko, na karibu na mstari wa 455 masuke yanastawi machipuko yakikua. Eleza hoja zote mbili, uonyeshe kila moja inasimama juu ya nini, kalenda ya shamba au maneno ya matini.

Lakini usiishie shambani. Demeter anapofika kwa Metaneira, mke wa mtawala wa Eleusis, anakataa kiti cha fahari, anakubali kigoda kilichofunikwa ngozi ya kondoo, anajifunika uso, hali wala hanywi hadi Iambe, mtumishi wa nyumba hiyo, amchekeshe. Divai anaikataa. Anaomba *kykeon*: unga wa shayiri, maji, na aina ya mnanaa. Kila kitendo hapo kina mwenzake katika ibada. Walioingizwa katika ibada ya siri ya Demeter huko Eleusis walifunga na kunywa kykeon, na michongo ya baadaye inaonyesha mtu ameketi juu ya ngozi, amefunikwa kichwa. Katika Thesmophoria, sikukuu ya wanawake, siku ya pili ilikuwa ya kufunga wakiwa wameketi chini, na matani makali yalikuwa sehemu ya ibada.

Tahadhari moja kwa msomaji wa huku: usiandike kwamba Eleusis ni unyago. Siri ipo kote, lakini Eleusis haikuangalia umri wala jinsia. Aliingia mwanamume, mwanamke, hata mtumwa, mradi aelewe Kigiriki na asiwe na damu ya mtu mikononi. Walichoahidiwa kimo kwenye mstari wa 480 hadi 482: heri aliyeyaona haya, asiyeyaona hana fungu sawa gizani baada ya kufa.

MsomiWaJioni

Nashukuru sana, hasa hilo la mistari ya 371 na 411. Tafsiri nitumie ipi, na nitaje vipi?

Shayiri

Tafsiri ya Kiingereza ya Evelyn-White ya mwaka 1914 haina tena hakimiliki, na iko bure kwenye maktaba ya mtandaoni ya Perseus pamoja na Kigiriki chake. Taja namba ya mstari, usitaje ukurasa, ili msomaji mwenye tafsiri nyingine apafikie.

Uwe makini na mistari ya 387 hadi 404 na 462 hadi 479. Utenzi huu umetufikia kwa hati moja tu, iliyoonekana Moscow mwaka 1777 na sasa iko Leiden, na karatasi yenye mistari hiyo imechanika. Maneno ya hapo yamejazwa na wahariri. Theluthi ya mwaka itaje kutoka 445 hadi 447, ambako karatasi ni nzima.