Bosi wa mwisho: ngoma na kwaya, au endingidi moja tu?

fundi_wandegeya
Habari za jioni. Tuko watatu, tunatengeneza gemu ya simu, mwaka wa pili sasa. Imebaki kazi moja na ndiyo inayotugombanisha: muziki wa bosi wa mwisho, yule adui mkubwa wa kumalizia gemu. Mwenzangu mmoja anataka ngoma kubwa kumi na kwaya nyuma yake, mtu atetemeke. Mimi nataka endingidi peke yake, uzi mmoja unalia, basi. Wa tatu amekuja na amadinda, vile vibao vya mbao vya Buganda, ila huyo tumeshamnyamazisha, maana amadinda ni muziki wa kupokelea watalii hotelini na wageni wa kwanjula, sherehe ya kutambulisha mchumba. Nipeni mawazo. Ngoma au endingidi?

mkali_wa_padi
Ngoma na kwaya. Hili nalo ni swali? Final Fantasy VII ilipotoka 1997, mtunzi wake Uematsu alimpa bosi Sephiroth kwaya inayoimba Kilatini, na mpaka leo ukiwapigia watu sekunde tano nywele zinasimama. Hakuna anayeelewa neno hata moja isipokuwa jina la bosi. Ndiyo utamu wake.

mnyamavu
Na Gwyn wa Dark Souls, 2011? Gemu nzima unapigwa na mabosi wenye kwaya na fidla na kila kelele, halafu unafika kwa mfalme mwenyewe unakuta piano. Polepole, kama mtu anayefunga duka jioni. Mimi padi niliiweka chini nisikilize. Nikauawa, bila shaka.

mkali_wa_padi
Yaani ulilia kwenye gemu. Haya.

mnyamavu
Nililia. Wewe hukulia kwa sababu hujawahi kumfikia.

mkali_wa_padi
Nimemaliza mara tatu! Njoo Ntinda Jumamosi nikuonyeshe seivu yangu, uje na kitambaa chako cha machozi.

mjukuu_wa_mengo
Mimi gemu sichezi, wanangu ndio wanacheza. Nimesoma sentensi moja tu ikanitosha: "muziki wa kupokelea watalii hotelini." Ssebo, amadinda ilikuwa ikipigwa ndani ya Lubiri, ikulu ya Kabaka wetu wa Buganda kule Mengo, kabla Kampala haijawa na hoteli hata moja. Kama wewe umeisikia kwenye buffee tu, hiyo ni habari ya tumbo lako, si habari ya amadinda.

fundi_wandegeya
Mzee wangu, nisamehe, sikukusudia dharau. Nilimaanisha watu wakiisikia leo wanawaza sherehe. Hawawazi hatari.

mjukuu_wa_mengo
Watu gani? Watu wako.

mwalimu_wa_madinda
Naomba niingie, kwa sababu huyo mwenzenu wa tatu mliyemnyamazisha huenda ndiye pekee aliyefikiri. Vibao 12, wapigaji watatu. Omunazi anaanza peke yake, mwendo wa kawaida tu. Omwawuzi amekaa ng'ambo, wanatazamana, anaingiza mapigo yake katikati ya mapigo ya mwenzake, kila nafasi ikajaa. Sikio linadhani mwendo umekuwa maradufu, kumbe hakuna aliyeongeza kasi. Halafu omukoonezi, yeye na vibao viwili tu vya mwisho, anachomoa noti mbili zilizomo ndani ya yale mapigo. Wimbo unaousikia mwishoni hapigi mtu yeyote katika wale watatu. Unazaliwa kati yao.

Sasa bosi wa hatua tatu: hatua ya kwanza omunazi, ya pili omwawuzi, ya tatu omukoonezi. Mchezaji atahisi anafukuzwa na hatajua na nani. Wajapani waliliona hili zamani. Space Invaders ya 1978 ilikuwa na noti nne tu zinazojirudia, wale wadudu wakipungua zinakimbia, na watu walitoka jasho. Mnabishana kuhusu ukubwa wa ngoma, wakati kinachotisha ni kitu kinachobadilika mkononi mwako.

gulu_kwetu
Hapo ndipo ninapochoka. Mtu kauliza habari za gemu, saa moja baadaye tuko Lubiri. Nchi hii kila njia inapita Mengo? Kaskazini sisi Waacholi tuna Bwola, ngoma ya rwot, chifu wetu. Wanaume duara zima, kila mmoja na ngoma yake mkononi, wanapiga na kucheza kwa pamoja. Huyo bosi wako angekimbia mwenyewe.

mjukuu_wa_mengo
Hakuna aliyekukataza Bwola. Nimejibu tusi.

dada_jinja
Na sisi Busoga mnatupita kama mnaelekea Kenya. Bigwala mnaijua? Tarumbeta za vibuyu, tano au zaidi, kila moja ina sauti moja tu, hivyo hakuna mtu anayeweza kupiga wimbo peke yake. UNESCO iliiweka 2012 kwenye orodha ya vitu vinavyohitaji kulindwa haraka. Vibuyu vyenyewe vilikuwa vimeanza kuwa adimu, na wazee wanaojua kupiga wanahesabika. Kijana, ukitaka sauti ambayo mchezaji wa Japani hajawahi kuisikia, hiyo hapo.

mkali_wa_padi
Street Fighter II, 1991. Uhai ukikaribia kwisha muziki unakimbia. Hilo la kubadilika mbona tunalijua tangu vibanda vya sarafu, mwalimu.

mwalimu_wa_madinda
Basi tunakubaliana.

mkali_wa_padi
Hatukubaliani. Mimi nataka kwaya.

mjukuu_wa_mengo
Dada wa Jinja kasema adimu, nami niseme yangu. Entenga, ngoma za Kabaka zilizopangwa sauti kama madinda, zilikuwa 12 na wapigaji sita. Zilinyamaza Mei 1966, jeshi lilipoingia Lubiri na kuchoma. Kwa hiyo mtu akiniambia muziki wa ikulu ni wa watalii, namwambia hajui gharama yake.

mwalimu_wa_madinda
Zilikuwa 15, mzee. 12 za wimbo, watu wanne, na 3 za kusindikiza, watu wawili. Wapigaji sita ni sawa.

mjukuu_wa_mengo
15. Ahsante. Kuchomwa ni kulekule.

afande_mstaafu
Tarehe 24. Amri ya Obote, mwenye kuongoza askari ni Amin. Tuseme mambo kwa majina yake, siyo "jeshi" tu kama vile sisi sote tulikuwa na kiberiti mfukoni.

mjukuu_wa_mengo
Wewe ni wa Bombo, mji wa kambi, nadhani.

afande_mstaafu
Ni wa Bombo na sioni haya. Mwaka huo nilikuwa na miaka tisa. Nilichoma nini, muhogo?

kijana_wa_kisaasi
Banange, ndiyo maana watu hawataki Kiswahili hapa. Mjadala ukianza kwa Kiswahili lazima uishie kambini.

afande_mstaafu
Na wewe umeyaandika hayo kwa lugha gani, kijana?

kijana_wa_kisaasi
Nimelazimika, wote mnaandika hivyo. Lugha ya amri hiyo. Bibi yangu akisikia "simama!" mpaka leo anaacha kikapu.

dada_jinja
Bibi yako simlaumu. Lakini mimi Kiswahili nilikipata sokoni Busia kwa wauza samaki, hakuna aliyenishikia bunduki. Kwenye katiba kimo tangu 2005, lugha rasmi ya pili.

kijana_wa_kisaasi
Kimo kwenye karatasi. Nenda ofisi yoyote useme "shikamoo" uone macho.

gulu_kwetu
Afadhali Kiswahili, hakina kilima chake. Kila mtu hapa anakikosea sawasawa.

afande_mstaafu
Kijana, sisi nyumbani tunaongea Kinubi, Kiswahili tunaongea na nyinyi. Tukisema kila lugha iliyotumiwa vibaya inyamaze, hata hicho Kiingereza chenu cha shuleni kingeanza kufunga virago. Nilichapwa kwa hicho zaidi kuliko kwa chochote.

mnyamavu
Mwenye mada yuko wapi? Ameuliza ngoma au endingidi, ameletewa katiba.

fundi_wandegeya
Nipo, nasoma. Najifunza mengi kweli, ila wenzangu wananisubiri.

sauti_ya_bwaise
Mimi kazi yangu ni studio ndogo, narekodi matangazo na nyimbo za injili. Nimesubiri mtu aseme hili, hajasema. Umesema gemu ya SIMU. Spika ya simu ni ndogo, mlio mzito hauwezi kutoka. Hizo ngoma kubwa kumi ukizipiga kwenye simu ya bei ya kawaida zitasikika kama kidole kinagonga boksi la viatu. Kwaya nayo itakuwa mluzi. Endingidi mlio wake uko juu, utapita vizuri. Vibao vya amadinda pia vinapita, pigo lake ni kali.

La pili, mchezaji atakuwa ndani ya taksi na sauti kaizima. La tatu, na hili ni kubwa: mchezaji atakufa. Akifa mara thelathini, sekunde ishirini za mwanzo atazisikia mara thelathini na mwisho wa wimbo hatausikia kamwe. Kwa hiyo usitunge wimbo mzuri, tunga mwanzo usiochosha. Kipande kinachorudia kisionyeshe mshono. Nimeona gemu ambayo kila kikirudi kuna "tak", usiku ule niliota "tak".

mkali_wa_padi
Boksi la viatu? Watu wana hedifoni, bwana. Usitupimie kwa simu yako.

sauti_ya_bwaise
Simu yangu imeingiaje hapa?

mkali_wa_padi
Umeanza wewe.

mnyamavu
Ngoma ikivuma sana hupasuka. Nawe umeshaanza kupasuka, mkali.

kijana_wa_kisaasi
Hilo la kuzima sauti ni kweli tupu. Mimi gemu zote nacheza kimya, nasikiliza kadongo kamu pembeni, zile nyimbo za gitaa moja za kusimulia visa.

dada_jinja
Unapigana na bosi kwa kadongo kamu?

kijana_wa_kisaasi
Jaribu. Mtu anasimulia jinsi mkewe alivyomkimbia, wewe unakwepa mapanga. Inaingiana.

katunguru_kwetu
Samahani nimechelewa, mtandao wa huku mnaujua. Nimepanda juu nikashuka chini, sijaona popote. Bosi mwenyewe ni nani?

fundi_wandegeya
Kiboko. Mchezaji ni mvuvi, yuko kwenye mtumbwi, usiku, Mfereji wa Kazinga.

mjukuu_wa_mengo
Kiboko?

afande_mstaafu
Siku nne tunapigania ngoma za Kabaka kwa ajili ya kiboko?

mkali_wa_padi
Kiboko na kwaya ya Kilatini. Hapana. Kura yangu naiondoa.

fundi_wandegeya
Hakuna aliyeuliza.

katunguru_kwetu
Basi zima kila kitu kwanza. Mimi nimezaliwa ukingoni mwa mfereji huohuo. Usiku ukiwa majini husikii ngoma. Unasikia maji yakigonga ubao wa mtumbwi, halafu pumzi: pfuuu. Unajua yuko. Halafu kimya. Anaweza kukaa chini hata dakika tano, na kimya kile ndicho kinachoua mtu kwa hofu, kwa sababu hujui atatokea upande gani. Baba yangu alikuwa anaacha kasia, anaweka kiganja kwenye ubao wa chini asikilize kwa mkono. Ukiweka endingidi hapo umeshamwambia mchezaji kwamba kuna kitu. Ukiweka ngoma umemwambia na mahali kilipo.

mwalimu_wa_madinda
Hili ni zuri kuliko langu.

sauti_ya_bwaise
Ila mwenye kuzima sauti atamkosaje huyo pfuuu? Mpe mtetemo wa simu. Kiganja kwenye ubao, ndiyo hiyohiyo.

fundi_wandegeya
Mtetemo. Aisee. Kwa hiyo muziki hakuna kabisa?

katunguru_kwetu
Muziki weka akishaibuka. Hapo siri imekwisha, piga unachotaka.

mjukuu_wa_mengo
Akishaibuka ni amadinda.

gulu_kwetu
Haya, tumerudi Mengo.