Mrejesho: paipu za breki, nimeamua

Wadau, niliuliza kama nitoe paipu za mpira za breki niweke zile za kusukwa na waya wa stenlesi, gari ni ya kwenda job tu, Nakuru-Molo na kurudi. Basi nimeweka mpira mpya, zote nne. Fundi alikunja ya mbele kushoto na vidole, nyufa zikafunguka pale karibu na nati, na fluidi ilitoka nyeusi kama chai ya rangi, si ajabu pedali ilikuwa inazama. Tukaweka fluidi mpya ya breki, aina ya DOT 4, tukatoa hewa vizuri na sasa pedali iko juu, ngumu, hata nikishuka ule mteremko mkali wa Sachangwan kuja Salgaa nyuma ya trela sina wasi. Za waya ni kweli hazivimbi sana ukikanyaga, lakini huo waya unaficha hali ya ndani, mpira ukichoka unauona na macho. Na jamani badilisheni fluidi, inavuta unyevu wa hewa, DOT 4 mpya inatakiwa ihimili angalau 230°C kabla ichemke, ikishanyonya maji kiwango kinashuka hadi 155. Za nyuma zilikaa poa lakini umri ni ule ule, tukatoa.