Kuamsha kompyuta ya ofisi ukiwa mbali: Intel, Realtek au USB?

Mvuvi_Likoni: Asalaam aleikum wanajamvi. Ofisi yetu iko Mwembe Tayari, mimi nakaa Likoni. Kompyuta ya mahesabu huzimwa jioni. Nikiihitaji usiku sina budi kuvuka feri kwenda kubonyeza kitufe kimoja. Mlango wake wa mtandao uliungua siku stima iliporudi kwa nguvu, kwa hivyo nanunua kadi ya mtandao. Dukani nimeonyeshwa Intel I210 iliyotumika, Realtek 8111 mpya, na adapta ya USB. Ipi itaiamsha mashine iliyozimwa kabisa?

Fundi_Kongowea: Aleikum salaam kaka. USB iache, na waifai vilevile. Kwa kawaida hizo huamsha kompyuta iliyolala, si iliyozimwa.

Zilizobaki mbili zote zinaweza. Kompyuta huamshwa kwa ujumbe mdogo wa mtandao, pakiti ya kuamshia, nayo ni kitu chepesi: baiti 6 za FF, kisha anwani ya MAC ya kadi, yaani namba yake ya utambulisho, ikirudiwa mara 16. Jumla baiti 102. Kadi inaisubiri hiyo tu, na kusubiri kunahitaji umeme kidogo, volti 3.3, unaobaki kwenye nafasi ya PCIe, pale kadi inapochomekwa, mashine ikiwa imezimwa. Basi usihangaikie chipu kabla hujaingia baosi (BIOS), mipangilio ya mashine yenyewe kabla ya Windows. Ruhusu kuwashwa na PCIe, na ErP, kipengele cha kubana umeme, uizime, maana ndiyo inayoukata umeme huo. Kisha zima kompyuta uitazame taa ya mlango wa kadi. Ikizimika nayo, hata kadi ya bei gani haitaamka.

Pesa zangu ningeziweka kwa Intel.

Bint_Tudor: Mimi naitetea Realtek. Yangu ilinisumbua wiki mbili, nikaitukana bure. Kosa lilikuwa la Windows 10: ile njia yake ya kuwaka haraka haiizimi mashine sawasawa, na kadi haiachwi tayari. Nimeiondoa, nikaingia kwenye draiva, programu inayoiendesha kadi, nikaruhusu kuamshwa baada ya kuzimwa, ikaitika mara ya kwanza. Jambo jingine, kadi ikisubiri mara nyingi hushuka hadi megabiti 10 kwa sekunde. Kama swichi yako ni ya kisasa isiyokubali kasi hiyo ndogo, hapatakuwa na mawasiliano.

Fundi_Kongowea: Hilo la swichi ni kweli dada. Mteja wangu mmoja lilimpata.

Babu_Makupa: Wanangu, mnabishana juu ya kadi na huyu yuko ng'ambo ya maji. Pakiti hiyo hutangazwa kwa mashine zote za mtandao wa ndani, na rauta haiipitishi kutoka nje. Tangu 1999 kanuni ni rauta kuyazuia matangazo ya aina hiyo, isipokuwa mwenyewe ayaruhusu. Wala usitoboe rauta ili uyaruhusu, pakiti ya kawaida haina nywila. Weka Raspberry Pi, kile kikompyuta kidogo, pale ofisini, iwake saa zote, inakula wati chache tu. Unaingia kwayo kupitia Tailscale, programu ya kuunganisha mashine zako kwa siri kupitia intaneti, ukiwa nyumbani, nayo ndiyo itume pakiti. Hata kama laini ya ofisi ni ya simu, isiyo na anwani yake ya hadhara, utafika.

Mvuvi_Likoni: Shikamoo mzee, hilo sikuliwaza kabisa. Na stima ikikatika usiku?

Babu_Makupa: Marahaba. Hapo kadi inaweza kusahau kwamba iliambiwa isubiri, mpaka mashine iwake tena. Kwenye baosi chagua kompyuta ijiwashe stima ikirudi. Ikishawaka, unaizima mwenyewe ukiwa huko huko Likoni. Na tafadhali nunua kinga ya stima kabla ya kadi, au utarudi hapa kuuliza tena.

Mvuvi_Likoni: Nimechukua Intel, na kinga pia. ErP ilikuwa imewashwa kama alivyosema fundi. Jana saa nne usiku nimetuma pakiti kutoka sebuleni kupitia ile Pi, na baada ya dakika moja mafaili yalikuwa yamefunguka mbele yangu. Shukran sana, nyote.